Betri ya Bwana Harusi

Zamani kijana aliyeoa binti wa Newala alipanda mlima na jembe begani, akahamia kwa wakwe na kuwalimia mpaka waridhike naye. Siku hizi anapanda na gari Jumamosi, na Jumapili asubuhi anateremka na mke, kama mtu aliyepitia dukani.

Mzee Dastani, fundi betri, alikuwa mtu wa zamani hiyo. Alilima misimu mitatu kwa mama mkwe wake kabla ya kuruhusiwa kujenga jiko lake, na kadiri miaka ilivyopita misimu hiyo iliongezeka. Mkewe, Bibi Anjelina, aliyeyaona yote kwa macho yake mawili, alisema ulikuwa msimu mmoja na nusu, na ile nusu alikuwa anaumwa jino.

Kibanda cha Dastani, cha bati, kilikuwa nyuma ya soko la Newala, kikinuka asidi na mpira ulioungua. Ufundi hakufundishwa na mtu. Alijisomea kwenye kitabu cha lori kilichokosa kurasa arobaini za mwanzo, kwa hiyo alijua dawa zote kabla hajajua majina ya magonjwa. Hata hivyo, kwa miaka thelathini na zaidi hapakuwa na gari pande zile ambalo betri yake haikupita mikononi mwake, kuanzia malori ya korosho mpaka gari la padri, na zote alizikumbuka kwa tabia. Ya padri, alisema, ilikuwa njema wiki nzima ila Jumatatu ilijivuta.

Kazi yenyewe ilikuwa na msimu wake. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu unapopanda kutoka bonde la Ruvuma na kukaa mjini mpaka saa tatu, magari ya Newala yalikuwa hayaamki. Mtu wa Masasi, kule chini kwenye joto, anaweza kuendesha mwaka mzima na betri iliyochoka asijue. Akipanda juu wakati wa kipupwe, siku ya kwanza tu aibu inafichuka. Kwa hiyo madereva wa wakati huo walikuwa na desturi. Jioni dereva alifungua betri, akaibeba mwenyewe mpaka kwa Dastani, ikalala ndani ya nyumba. Ililazwa juu ya ubao, mbali na moto, imefunikwa gunia. Asubuhi mwenyewe alikuja kuichukua ikiwa na uvuguvugu, akamsalimu mama mwenye nyumba na kuuliza imelalaje.

“Betri ni kama mzee,” Dastani alikuwa akiwaambia. Ukimwamsha kwenye baridi ukamtwika mzigo, hatakutukana, ila hatanyanyuka. Baridi inaipoozesha asidi iliyomo ndani, na papo hapo oili ya injini imekuwa nzito kama uji wa jana. Stata inadai nguvu nyingi saa ileile ambayo betri ina nguvu kidogo. Madereva walielewa. Walikuwa watu wanaojua kwamba kitu kikikubeba mchana, jioni nawe unakibeba.

Siku hizi nani anajua betri yake inakaa wapi? Watu wanaendesha miaka mitano hawajafungua boneti. Betri zenyewe zinakuja zimefungwa kama jeneza, na juu yake karatasi inayokataza kufungua. Ikigoma inatupwa, inanunuliwa nyingine, na ile iliyotupwa hakuna hata mmoja anayeuliza iliumwa nini. Dastani akabaki na mteja mmoja wa kudumu, Uwesu, dereva mstaafu mwenye Landrova inayotembea siku za Ijumaa tu. Huyo naye alikuja zaidi kubishana kuliko kuchaji.

Mteja mmoja, na Anastasia.

Anastasia alikuwa mjukuu wake, aliyeletwa kibandani akiwa na miaka minne baada ya mama yake kufariki. Dastani alimwita mke wangu, kama babu yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kike, na Bibi Anjelina akajifanya kuona wivu. Mtoto alikua kati ya chaja na makopo. Akiwa na miaka saba aliweza kuinamia betri inayochajiwa, akasikiliza inavyochemka, akasema tundu la tatu limedhoofu, na Dastani akipima kwa bomba lake la kioo anakuta ni kweli la tatu. Alipomaliza shule alikwenda Masasi kusomea umeme wa magari. Siku aliyoondoka, Dastani alichonga kigoda cha pili, akakiweka kibandani karibu na chake, na hakumruhusu Uwesu kukikalia. Alichotaka duniani kilikuwa hicho tu: binti arudi, akalie kigoda, kibanda kiendelee.

Binti alirudi na cheti, na Yeremia.

Yeremia alikuwa Mmakua wa Masasi, mtunza ghala la korosho, mwembamba, mwenye adabu na viatu vyeupe. Wajomba zake walipoleta posa, Dastani aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kijana anahamia lini. Wajomba wakacheka sana, wakasema mzee ana utani. Wakamweleza kwamba kijana ana kazi, ana nyumba ya kupanga karibu na stendi, na bibi harusi atafuata. Dastani aliwaangalia watu wazima wale, ambao baba zao wote walihamia kwa wake zao na kulimishwa, akaona hakuna hata mmoja anayeona haya. Akanyamaza. Bibi Anjelina, anayemjua, alisema baadaye kwamba ukimya ule ulimtia hofu kuliko kama angegombana nao.

Harusi ikawa Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Baada ya kanisani, mwenye muziki akawa hajafika, basi spika mbili zikaunganishwa kwenye gari la bwana harusi, gari dogo jeupe lililofungwa riboni. Likapiga muziki tangu saa nane mchana mpaka magharibi, injini imezimwa. Dastani alikaa kiti cha mbele cha wageni akiangalia. Alijua kinachotokea ndani ya boneti ile kama mganga amwonavyo mtu anayekunywa sumu. Aliona pia kwamba gari limeegeshwa pua ikielekea ukingoni, pale upepo wa bondeni unapopandia. Mtu mwema angenyanyuka akasema. Dastani alichukua paja la pili la kuku.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mpaka usawa wa madirisha. Mizigo ya Anastasia ikapakiwa, wanawake wakaimba, machozi yakatoka kwa mpango. Yeremia akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likasema tik-tik-tik, kama mjusi ukutani, na taa za ndani zikafifia. Akarudia. Tik. Mara ya tatu hata mjusi akanyamaza.

Uwesu, ambaye hajawahi kuona gari limegoma asitoe amri, aliwapanga wanaume wanane nyuma, wakiwa na mashati yao ya harusi, wakalisukuma mpaka sokoni. Halikushika. Wakaligeuza, wakalisukuma kurudi. Halikushika. Wakavua makoti. Dastani alikuwa kizingitini, bakuli la uji mkononi, na aliwaacha wamalize mzunguko wa pili kabla ya kuuliza, kwa upole, kama gari hilo lina klachi.

“Hapana, Babu,” Yeremia alisema akihema. “Ni otomatiki.”

“Basi hata mkilisukuma mpaka Kitangari, mtakachopata ni afya.”

Wanaume wanane walimgeukia Uwesu, na Uwesu akakumbuka kwamba ana kuku wa kufungulia.

Betri ikatolewa, ikabebwa kibandani. Dastani aliibandua ile karatasi ya makatazo, na chini yake, kama alivyojua, kulikuwa na vifuniko sita. Akavifungua. Ndani maji yalikuwa yameshuka mpaka sahani zake za risasi zimebaki wazi, na juu vichwa vya kufungia waya vilikuwa vimeota ukungu wa kijani kama mkate wa wiki mbili. Akamwita Yeremia aje aone. Alimweleza ukweli mtupu: joto la Masasi ndilo lililoiua betri hii, kwa kukausha maji yake taratibu, baridi ya Newala imeleta taarifa ya msiba tu. Na muziki wa jana ndio uliochimba kaburi.

“Inapona?” Yeremia aliuliza.

“Mkononi mwangu inapona. Siku tatu.”

Anastasia alikuwa uani akisugua masufuria. Aliposikia siku tatu aliinua kichwa, akamwangalia babu yake, akainama tena. Betri ile ilihitaji maji, magadi ya kusafishia vichwa, na chaja ya usiku mmoja. Dastani alilijua hilo, na aliyemfundisha Anastasia alikuwa yeye.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dastani alisema mkwe si mgeni, akampa Jumatatu asubuhi. Mwezi wa saba ni wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na salfa hupulizwa mapema, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Yeremia alizijua korosho zikiwa ndani ya gunia. Alivishwa mashine ya kupulizia mgongoni, akaonyeshwa mti wa kwanza, na mingine akaambiwa inafuatana. Saa nne alirudi macho yanamtoka, nyusi, masikio na vile viatu vyeupe vyote vimekuwa njano. Bibi Anjelina alimwita kifaranga changu, akamletea kiazi cha kuchemsha, akamwambia mumewe wa kwanza, yaani Dastani, hakupendeza hivyo hata siku moja.

Mchana alitumwa kufyeka chini ya mikorosho. Jumanne ikawa salfa, kisha maji. Pale juu maji hayajawahi kuwa karibu na mtu, na bwana harusi akisukuma baiskeli yenye madumu manne kupita katikati ya mji hakuwa ameonekana kwa miaka mingi. Wanawake sokoni walipiga vigelegele. Mzee mmoja alisimama kando ya njia, akavua kofia. Dastani aliyaona yote akiwa kibandani, na Uwesu anasema hajawahi kumwona mzee yule na furaha kama ya siku ile, hata siku walipopata umeme.

Jioni, kwenye mkeka, alimweleza Yeremia habari za kilimo cha ukweni, jinsi mkwe wa wakati ule alivyokula mwisho na kuamka mwanzo, na jinsi mama mkwe alivyopita kila siku kukagua matuta bila kusema neno.

“Mume mwenzangu,” akamaliza, “wewe unadekezwa.”

Yeremia akaitika kwamba anashukuru, Babu, na akalala palepale, kipande cha muhogo mkononi.

Jumatano mchana Dastani aliirudisha betri. Alikuwa ameitibu kweli. Yapo mambo ambayo hata mtu mwenye hila hawezi kuyafanya vibaya, na kwa Dastani jambo hilo lilikuwa betri. Maji aliyoitilia yalikuwa ya mvua ya masika, aliyoyakinga wazi uwanjani kwa beseni safi, si yale yaliyopita kwenye bati. Aliyatunza kwenye chupa nne kama watu wanavyotunza asali. Yeremia akazungusha ufunguo, gari likanguruma papo hapo. Watu wakashangilia. Dastani akainua kidole.

“Saa saba mchana hata mimi naamka. Mtihani ni asubuhi.”

Na jua lilipokaribia kuchwa alisema anakwenda kuangalia kama vichwa vimekaza. Alikuwa na kipande cha karatasi ya fedha kutoka ndani ya pakiti ya sigara ya Uwesu, ile yenye upande mmoja wa karatasi ngumu. Alikikunja mara mbili, upande wa karatasi usiopitisha umeme ukawa nje, akakivisha kichwa cha betri kama kofia, akarudisha waya juu yake, akakaza.

Alhamisi asubuhi gari halikusema hata tik. Dastani aliinama, akanusa, akatikisa kichwa. Umande, alisema. Umande wa ukungu umeingia kwenye umeme. Liachwe lipumzike mpaka kesho. Uwesu, ambaye miaka ile ya malori alitumia karatasi hiyohiyo kila alipotaka kupumzika Ijumaa, alimwangalia rafiki yake, akashikwa na kikohozi, akakipeleka kikohozi hicho nyuma ya nyumba kikatoka kama kicheko. Yeremia aliuliza kwa adabu kama ashike jembe au panga. Akaambiwa panga.

Likizo yake ilikuwa ya wiki moja. Jumamosi saa mbili ghala lilikuwa lazima lifunguliwe. Dastani alikuwa amehesabu hivi: ghala lisipofunguliwa, kijana atafukuzwa, kijana akifukuzwa, atakaa, akikaa yeye, Anastasia atakaa. Hakujiuliza zaidi ya hapo. Mtu akichimba mtego, macho yake yanakuwa chini.

Ijumaa aliamshwa na sauti ya injini.

Kulikuwa hakujapambazuka vizuri bado, na baridi ilikuwa ile inayouma meno. Aliketi kitandani, akasikiliza. Ilikuwa imeshika mara moja, bila kusitasita, na sasa ilizunguka taratibu, ikijipasha moto. Aliisikiliza kama baba anayesikia mwanawe akisoma mbele za watu, na kwa dakika nzima alisahau kwamba ameshindwa. Kisha akajifunga shuka, akatoka.

Mezani palikuwa na kikombe chake cha uji. Juu ya kisosi, kando ya kijiko, palikuwa na kile kipande cha karatasi. Anastasia alikuwa amekaa upande wa pili.

“Betri umeitibu vizuri, Babu,” alisema. “Imeshika mara moja.”

“Nimesikia.”

“Hii nimeikuta kati ya waya na kichwa. Ya nani?”

“Labda ya Uwesu. Ndiye anayevuta.”

“Babu.”

Dastani alikoroga uji usiohitaji kukorogwa.

“Nimekufundisha miaka ishirini, mke wangu,” akasema hatimaye. “Miaka ishirini. Halafu ukafungue maboneti ya watu wa Masasi, na kibanda kiko hapa.”

“Ungeniambia unataka nikae.”

“Ningekuambia, ungekaa?”

“Nisingekaa.” Alisema bila ukali. “Lakini hii wiki ningeshinda nawe kibandani. Siku nne nimekaa jikoni namsubiri mume wangu arudi shambani, na wewe uko hatua thelathini, unailinda betri isipone.”

Dastani alikisogeza kisosi pembeni.

Yeremia aliingia akiwa amevaa tayari, viatu amevisugua mpaka vikarudi karibu na weupe. Akasema shikamoo. Dastani akaitikia marahaba, akamuuliza kama naye anajua habari ya karatasi. Yeremia akasema anajua. Anastasia alimwonyesha jana, saa sita mchana, na akairudisha palepale.

“Jana saa sita,” Dastani alirudia. “Mbona alasiri ulichukua panga?”

“Ilikuwa imebaki mistari miwili, Babu.” Kijana alikuna shingo. “Mama anasema babu yangu alikaa ukweni miaka miwili. Mimi nimekaa siku sita. Nimepungukiwa kidogo tu.”

Bibi Anjelina alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema sasa hivi huyu mtoto amemzidi mumewe, kwa sababu hana hata jino linalomuuma. Dastani hakucheka, lakini alinyanyuka, akaenda kibandani, akarudi na chupa mbili kati ya zile nne za maji ya mvua. Akampa Anastasia, hakumpa Yeremia. Akasema huko kwenye joto sahani zitakauka tena. Kila mwisho wa mwezi afungue vifuniko, na mtu asimdanganye kwamba karatasi imekataza. Anastasia alizipokea kwa mikono miwili.

Hawakupanda tena Newala. Mwaka uliofuata Yeremia alipata kazi Kahama, mbali kabisa, ambako Anastasia ana gereji yake na wanaume watatu chini yake, na simu hupigwa Jumapili. Anapiga kueleza gari fulani linavyoumwa, babu anamkatiza kabla hajamaliza, na mara nyingi wote wawili wanajua jibu. Kibanda kina kufuli. Anayechaji simu sokoni amekiomba mara mbili, na mara mbili Dastani amejifanya hasikii.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Ijumaa ile, ukungu ukiwa haujanyanyuka. Aliwasindikiza mpaka barabara ya Masasi, shuka mabegani, akaomba waligeuze gari mara moja mbele yake ili alisikilize. Wakaligeuza. Aliyeshika usukani alikuwa Anastasia. Yeremia alikuwa kando yake, kichwa kwenye kioo, ameshalala fofofo mdomo wazi, kabla hawajatoka hata mjini. Dastani alitega sikio kwa injini, akazichunguza taa, za mbele na za nyuma, akitafuta kosa lolote, hata dogo, la kuwarudisha. Hakuliona. Akapiga bodi kwa kiganja mara mbili, na gari likaondoka.